Vipimo vya Dirisha

Dalali anaitwa Elirehema, ana haraka ya mtu wa kamisheni.
"Mama, fremu hii ikikupita leo, kesho anaingia mtu wa fotokopi."
Fremu yenyewe ni hatua saba kwa nne,
sakafu ina ufa uliokata kona mbili ukachoka,
na ukutani, kwa wino mwekundu,
mtu aliwahi kuandika ratiba yake:
Jumatatu, Lishe ya Mifugo. Jumanne, Takwimu.
Jumatano hakuandika kitu.
Jumatano, Tengeru ni gulio.

Nimetoka Ngarenaro asubuhi bila kumuaga Mwanahawa,
maana nikimuaga nitakuwa nimeshahama.
Miaka kumi na tisa tumepakana ukuta.
Nakijua kikohozi cha mwanawe, analijua deni langu la umeme.
Cherehani yangu ikinyamaza mchana, anagonga:
"Shoga, mzima?"
Huku atagonga nani?

Elirehema anahesabu kwa vidole:
chuo cha mifugo pale, cha maendeleo ya jamii kule,
mabinti wanaobana sketi mwezi wa kumi na moja
na kuzitanua mwezi wa tano,
na majoho, mama, majoho!
Namuuliza, Agosti je?
Anatazama viatu vyake.
"Agosti," anasema, "huwa kunapoa."

Kunapoa. Neno zuri kwa chai.
Nilifika hapa Agosti iliyopita, kumletea mteja suti,
nikakuta duka limefungwa kwa kamba ya kiatu,
mama ntilie kaketi, mkono shavuni, sufuria kaifunika,
na mbwa wamelala katikati ya njia
kama waliohitimu.

Wateja wa mjini wanazeeka nami.
Bi Mwantumu nimemshonea gauni la harusi,
nikalitanua kwa mimba, nikalitanua tena,
na mwaka juzi nikamshonea la msiba.
Kiuno chake nakijua kama njia ya msalani gizani.
Huku kiuno kitakuja, kitapimwa, kitahitimu.
Daftari langu litajaa watu wasiorudi,
wenye miaka ishirini na mbili daima,
mimi tu ndiye nitakayeongezeka inchi.

Lakini kuna hewa, nisiseme uongo.
Inashuka kutoka Meru na harufu ya ng'ombe na majani mabichi,
na mfereji unapita nyuma ya nyumba ukijisemea.
Kodi ni nusu ya ninayolipa.
Na mwenye nyumba, Mama Ndelilio, ameshika jembe mlangoni,
hajaniuliza mume wangu yuko wapi.
Ameuliza tu kama cherehani inapiga kelele usiku.
Nikasema, inapiga.
Akafikiri.
"Si vibaya. Likizo huwa kimya mno hapa."

Ndipo akachungulia binti, koti jeupe la maabara limeachia kwapani.
"Mama, umeshafungua?"
"Bado."
"Utafungua lini? Nina mtihani saa nane,
na mwalimu wetu anasema koti lililochanika si koti."
Sindano huwa haitoki kwenye ukosi wangu, hata kanisani.
Nikamshonea amesimama, mkono juu,
kama mtu anayejua jibu darasani.
Akatoa mia tano iliyokunjwa mara nne.
Niliipokea. Ningeikataa, ningekuwa mgeni.

Elirehema akatabasamu kama aliyeshinda kesi.
"Sijasema ndiyo," nikamwambia.
"Hujasema, mama."
"Nakwenda nikafikiri."
"Kafikiri, mama."

Nikaipeleka ile mia tano kwenye pindo la kanga, nikafunga fundo.
Halafu mkono wangu, ambao haukuniuliza,
ukatoa futikamba shingoni ukapima dirisha:
arobaini na nane kwa thelathini na sita.
Nimeandika nyuma kabisa ya daftari,
kwenye ukurasa wa wateja
walioacha vitambaa na hawajarudi kuvichukua.